Sikoseli na ualbino: Mtoto hurithi kwa baba na mama

Mtoto akizaliwa na ngozi isiyofanana na ya wazazi wake, au akianza kulia kwa maumivu ya viungo na kuishiwa damu mara kwa mara, swali la kwanza katika familia nyingi huelekezwa kwa mama: “Kwenu kuna nini?”

Zagayu mkoani Simiyu ipo Kanda ya Ziwa, ambako sikoseli na ualbino si mambo mageni. Swali kama hilo linaweza kuvunja ndoa. Sayansi inajibu kwamba tatizo lipo kwao mke na kwao mume pia.

Vinasaba ni maelekezo ya kuujenga mwili. Karibu kila kinasaba mtoto hukipata kwa nakala mbili, moja ya baba na nyingine ya mama. Maelekezo hayo ni kama maandishi marefu, na yanaponakiliwa hutokea makosa. Kosa likiwa kwenye yai au mbegu ya kiume, mtoto hulirithi.

Aina ya kwanza ya kosa ni herufi kubadilika. Katika sikoseli, herufi moja tu ya kinasaba cha himoglobini imebadilika. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema.

Aina ya pili ni kipande kukosekana. Ualbino uliozoeleka zaidi nchini hutokana na kupotea kwa kipande cha herufi takribani 2,700 katika kinasaba kiitwacho OCA2. Mwili hushindwa kutengeneza rangi ya kutosha ya ngozi, nywele na macho.

Aina ya tatu ni kuongezeka. Mtoto mwenye Down huwa na kromosomu ya 21 ya ziada, na mara nyingi kosa hilo huanza kwake bila wazazi kuwa nalo.

Sikoseli na ualbino hujitokeza mtoto akipata nakala mbili zenye kosa. Mwenye moja ni mbebaji, na kwa kawaida haonyeshi dalili. Wafugaji wanalijua hili: dume jeusi na jike jeusi wanaweza kuzaa ndama mwekundu, kwa kuwa wekundu ulijificha kwa wote wawili.

Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye hali hiyo. Haina maana kwamba akipatikana mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Kosa la sikoseli limedumu kwa sababu lina faida. Mwaka 1954, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria.

Kipimo cha damu humtambua mbebaji wa sikoseli, hivyo ni vyema wachumba wakapime pamoja kabla ya ndoa. Mtoto mwenye sikoseli akiwahishwa kliniki hupewa kinga ya maambukizi na dawa ya haidroksiyurea, inayopunguza maumivu. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kuketi karibu na ubao darasani.

Siku ya kliniki, baba naye afike. Nusu ya maelekezo ya mtoto huyo yametoka kwake.