Kengele ya tangi iliyokataa kulia

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, zina tangi la maji juu ya paa, na penye tangi hapakosi ugomvi. Pampu huwashwa, mwenye kuiwasha akashikwa na mazungumzo au usingizi wa mchana, na maji yakafurika yakateremka ukutani. Kuta za mawe na chokaa hazipendi maji, na jirani wa chini hayapendi zaidi. Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, aliuona ugomvi huo kwa bibi yake mara nyingi, akanuia kuumaliza. Angetengeneza kengele ya kulia tangi linapojaa. Pampu yenyewe, na umeme wake wa nyumba, tulimkataza asiiguse kabisa.

Kwa msomaji asiyevijua vyombo hivi, kitu alichokinunua kijana ni chipu iitwayo maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyofinyangwa ndani ya kipande cheusi chenye miguu kama tandu. Yake ilikuwa ATmega328P, miguu 28, jamaa ya zile zinazotumika katika bodi za Arduino. Arduino ni mradi ulioanzishwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasiokuwa mafundi wa umeme nao wapate kubuni vyombo vyao. Chipu huchomekwa kwenye ubao wa plastiki wenye matundu, na chini ya matundu mna vibanio vya chuma, hata hapana haja ya kulehemu. Kwa Kiingereza ubao huo huitwa ubao wa mkate, kwa kuwa wapenda redio wa zamani walipigilia vifaa vyao juu ya mbao za jikoni za kukatia mikate. Huo wa plastiki tuujuao ulibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Basi kijana akakusanya akiba yake, akanunua chipu mbili, akaunganisha nyaya usiku kucha. Asubuhi hapakuwaka taa, haikulia kengele. Alinijia macho yakimlengalenga, anataka nimkopeshe pesa za chipu ya tatu. Mimi sikumpa. Nilimpeleka kwa mzee mmoja jirani yetu aliyekula umri wake akitengeneza redio na kaseti, japo chipu ya namna hii hakuwahi kuishika.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Chipu zimekufa, ami. Zote mbili."

"Nani kakwambia zimekufa? Umezipima?"

Kijana kimya. Hakuwa na mita. Na hapa ndipo wengi wanaoanza wanapopotea: wana kompyuta, wana programu, wana chipu, lakini mita ya bei ndogo hawana, kwa hiyo kila jambo kwao ni kukisia. Na anayekisia hulaumu chipu, kwa sababu ndiyo asiyoielewa.

Mzee aliitia mita yake upande wa volti, akauliza umeme unatoka wapi. Sasa unatoka kwenye chaja ya simu, volti 5. Na kabla ya hapo? Kijana akakiri kuwa chipu ya kwanza aliifunga moja kwa moja kwenye betri ya mraba ya volti 9, nayo ikapata moto hata ikamuunguza kidole. Hiyo, kwa kweli, ilikuwa imekufa. Chipu hii hufanya kazi mpaka volti 5.5, na ikizidi 6 haina dhamana. "Hiyo izike," akasema mzee. "Tuiangalie hii."

Aliweka ncha za mita mwanzo wa mistari ya pembeni ya ubao, ile myekundu na ya buluu ipelekayo umeme. Volti 5, sawa. Kisha hakupima tundu lililo karibu na chipu, kama ningalifanya mimi, bali aligusisha ncha kwenye miguu yenyewe ya chipu, wa 7 na wa 8, ambayo ndiyo chanya na hasi. Mita ikasoma sifuri. Umeme ulikuwa njiani, haukufika.

Sababu ni jambo ambalo mgeni wa ubao huu halijui mpaka limpate. Katika mbao nyingi ndefu, ile mistari ya pembeni imekatika katikati. Ukitazama vizuri utaona rangi nyekundu imeacha mwanya mdogo. Kijana alitia umeme nusu ya juu, na chipu ilikuwa nusu ya chini. Nyaya mbili fupi za kuvuka mwanya zikatosha. Matundu ya ndani nayo yana desturi yake: matano matano yameungana kwa safu, na mfereji wa katikati unazitenga safu za kushoto na za kulia. Chipu lazima iupande mfereji huo kama mtu apandaye punda, mguu huku na mguu huku, ama sivyo miguu yake itakutana chini ya ubao.

Taa ikawaka. Kijana akapiga takbira. Lakini taa ilitakiwa iwake sekunde moja na kuzimika sekunde moja, nayo iliwaka tu. "Imekwama!" Mzee hakujibu, alitazama saa ya mkononi. Sekunde ya 16, taa ikazima. Sekunde 16 nyingine, ikawaka.

Hapa zamu ya kufundisha ilikuwa ya kijana. Kompyuta iliandaa programu ikidhani chipu inakwenda kwa megahezi 16, kama iliyo katika bodi ya Arduino. Chipu mpya kutoka kiwandani huenda kwa megahezi 1, kwa mapigo yake ya ndani. Mara 16 polepole. Dawa ni kuiambia kompyuta kasi iliyo kweli, au kuifungia chipu kristali ya megahezi 16 kisha kuiamuru iifuate. Anayeiamuru kabla ya kuifunga kristali hujikuta na chipu bubu, isiyosikia hata programu mpya. Wangapi wamezitupa chipu hizo, na uzima umo ndani!

Kengele nayo ilikuwa na kichaa chake. Ililia tangi tupu, ikalia mtu akipitisha mkono karibu. Waya wa kupimia maji ulikuwa unaning'inia, haukufungwa chanya wala hasi, na mguu wa chipu ulioachwa hivyo huokota kila upepo wa umeme ulio chumbani. Rizista ya kiloomu 10 kutoka mguu huo hadi chanya iliutuliza. Maji yakifika juu yanauunganisha na waya wa hasi, na chipu inajua. Maji yetu ya visima vya pwani, kwa chumvi yake, hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Kwa mara moja chumvi hiyo ilitufaa.

Walipoipandisha juu likazuka la mwisho. Kila pampu ilipowashwa, chipu ilizinduka na kuanza upya, kama mtu aliyestushwa usingizini. Mota inapoanza hutetemesha umeme. Mzee aliambiwa tu dalili, akasema, "Kapasita." Wakatia moja ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 7 na wa 8, karibu kabisa na chipu, na rizista ya kiloomu 10 kati ya chanya na mguu wa kwanza, ule wa kuanzisha upya. Walitia kimoja, wakajaribu, ndipo wakatia cha pili. Mzee hakukubali viwili kwa pamoja, kwani, alisema, ikipona hutajua ipi ni dawa.

Jumatatu tangi lilijaa na kengele ikalia. Baada ya wiki tatu nyaya za shaba zilizo ndani ya maji zimeshaota ukungu wa kijani, kwa ule umeme unaopita katika chumvi bila kusita. Kijana sasa anatafuta vijiko viwili vya chuma kisichoshika kutu, na bibi yake ameshaficha vyake.