Kutu ilayo na gamba lilindalo

Kiswahili cha kila siku huliandamanisha neno kutu na kitenzi kula: kutu hula chuma. Msamiati huo watosha kwa jembe lililoachwa mvuani. Kwa metali iliyo motoni hautoshi, kwani huko maji hayahitajiki, na mara nyingine kile kinachozaliwa metali ikiungana na oksijeni ndicho kiilindacho.

Mhunzi apigapo chuma chekundu juu ya fuawe, magamba meusi huruka. Gamba hilo halikilindi chuma vya kutosha. Kupita nyuzi 570 za sentigredi, tabaka lake la ndani huwa na nafasi tupu nyingi katika mpangilio wa atomu, na kwa nafasi hizo atomu za chuma husafiri upesi kwenda nje kuikuta oksijeni.

Kromi ikitiwa kwa wingi, asilimia 18 hivi na zaidi, hutangulia kuungana na oksijeni na kufanya gamba lililoshikamana. Mwaka 1933 Carl Wagner alieleza hesabu ya jambo hili: kadiri gamba linavyonenepa ndivyo safari ya atomu inavyorefuka, hata unene ukitaka kuongezeka mara mbili, muda huwa mara nne. Lakini karibu na nyuzi 1000 gamba la kromi huanza kugeuka mvuke. Ndipo alumini hupendelewa, hasa kwa mapanga ya injini za ndege, yanayotengenezwa kwa nikeli pamoja na metali nyingine, ikiwamo kobalti. (Vita vya Kolwezi vya mwaka 1978 vilipopandisha bei ya kobalti, watengenezaji wa injini walitafuta michanganyiko yenye kobalti kidogo.)

Hatari kubwa huja wakati wa kupoa, wala si wakati wa joto. Metali husinyaa kuliko gamba. Gamba hubanwa, huinuka, hupasuka. Itriamu kidogo, chini ya asilimia moja, husaidia kulishikiza, kwa sababu mojawapo hukamata salfa inayodhoofisha mshikamano huo.

Kuliita gamba hili kutu, kama wafanyavyo baadhi ya wafasiri, ni kumpotosha mwanafunzi. Utando nao hudokeza kitu kilichofunika tu. Gamba lafaa zaidi: samaki hulivaa, nyoka hulivua. Metali nayo hulivua na kuota jingine, maadamu alumini ingalimo ndani yake. Ikiisha, chuma au nikeli yenyewe huanza kuliwa.