Jina la Usimbaji: Kwa Nini Matini Zetu Huharibika Zinapohama Kompyuta

Mwanafunzi wa Kilingala anaandika neno mbɔtɛ katika kompyuta moja, anahamishia faili katika kompyuta nyingine, na huko anasoma mbÉ”tÉ›. Mwenzake wa Kiswahili ameandika ng’ombe, naye anakuta ngâ€™ombe. Mara nyingi husemwa kwamba faili limeingiwa na virusi, na kazi inaanza upya. Lakini kwa kawaida hakuna kilichoharibika bado. Kila kitu kimo ndani ya faili kama kilivyoandikwa. Kilichokosekana ni jina: kompyuta ya pili haikuambiwa matini hii iliandikwa kwa usimbaji gani, au iliambiwa kwa jina ambalo yenyewe inalielewa vingine.

Suala hili ni la wataalamu wa kompyuta, lakini ni letu pia, kwa sababu kiini chake ni uhusiano kati ya jina na kitu, jambo ambalo Kitivo cha Lugha hulijadili kila mwaka katika somo la semantiki.

Herufi, namba na mapatano

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Baiti moja ni namba kati ya 0 na 255. Usimbaji wa herufi ni mapatano yanayosema namba fulani isomwe kama herufi fulani. Mapatano ya ASCII, yaliyotolewa Marekani mwaka 1963, yana nafasi 128 tu. Zinatosha kwa alfabeti ya Kiingereza, na karibu zinatosha kwa Kiswahili, lakini hazina hata é ya Kifaransa.

Kila mtengenezaji alijaza nafasi zilizobaki kwa namna yake. Herufi é ni 233 katika ISO-8859-1 na katika Windows-1252. Katika Macintosh za zamani ni 142. Katika ukurasa wa misimbo 850, uliotumiwa na DOS katika Ulaya ya Magharibi, ni 130. Katika UTF-8 ni baiti mbili zinazofuatana, 195 na 169. Ukisoma 233 kwa mapatano ya Macintosh utaona È. Ukiisoma kwa ukurasa wa 850 utaona Ú.

Ugumu ni kwamba faili la matini tupu halibebi jina la mapatano yake. Ni kama barua isiyotaja lugha iliyoandikwa. Anayeipokea huambiwa na mwingine, au hukisia.

Visawe: kitu kimoja, majina mengi

Tuchukue ISO-8859-1. Katika orodha ya IANA, taasisi inayosajili majina haya kwa ajili ya intaneti, jina lake limesajiliwa kama ISO_8859-1:1987, pamoja na lakabu kadhaa: ISO-8859-1, latin1, l1, IBM819, CP819. Mfumo endeshi wa AIX huuita ISO8859-1, HP-UX huuita iso88591, na Windows huutambua kwa namba 28591. ASCII nayo hujitokeza kama US-ASCII katika FreeBSD, ANSI_X3.4-1968 katika Linux, na 646 katika Solaris. UTF-8 katika Windows ni ukurasa wa misimbo 65001.

Programu inayotaka kufanya kazi katika mifumo yote hii hupita hatua mbili. Kwanza husawazisha maandishi ya jina: hubadili herufi kubwa kuwa ndogo, huondoa vistari na alama nyingine, kisha hulinganisha. Kwa hatua hiyo, UTF-8, utf_8 na Utf8 huwa jina moja. Lakini hakuna kanuni ya tahajia inayoweza kuonyesha kwamba 646 na US-ASCII ni kitu kimoja. Hapo huhitajika hatua ya pili, yaani jedwali la lakabu linaloandikwa na binadamu, jina kwa jina, mfumo kwa mfumo.

Tofauti hiyo tunaijua. Mutoto wa Lubumbashi na mtoto wa vitabuni tunaweza kuwaunganisha kwa kanuni ya kifonolojia. Kompyuta na tarakilishi hakuna kanuni itakayoziunganisha, inatakiwa kamusi. Jedwali la lakabu ni kamusi ya visawe, na kama kamusi yoyote, lina mapengo: programu ikikutana na jina lisilomo, hukataa kazi au hukisia.

Homonimu: jina moja, vitu vingi

Visawe hutuchelewesha, lakini homonimu hutudanganya. Mfano wa kwanza ni neno ANSI katika Windows. Watu hudhani ni usimbaji mmoja. Kwa kweli maana yake ni “usimbaji uliowekwa katika kompyuta hii”. Katika kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa ni 1252, kwa Kirusi ni 1251, kwa Kiarabu ni 1256. ANSI basi ni neno la kuonyesha, kama hapa au leo: maana yake hutegemea aliyelisema na mahali alipo. Kuandika “ANSI” kwenye rekodi ya matini ni sawa na kuandika “leo” juu ya barua isiyo na tarehe. Tena, katika Windows hiyo hiyo ya Kifaransa, dirisha jeusi la kuandikia amri hutumia 850 badala ya 1252.

Mfano wa pili ni neno Unicode. Katika Notepad, kabla ya mabadiliko ya 2019, chaguo lililoitwa “Unicode” lilimaanisha UTF-16, huku UTF-8, ambayo nayo ni ya Unicode, ikiorodheshwa kando.

Hata kunyamaza kuna maana mbili. Katika Linux, fr_FR bila nyongeza humaanisha Kifaransa kwa ISO-8859-1, lakini sw_TZ bila nyongeza humaanisha Kiswahili kwa UTF-8.

Mfano wa hatari zaidi kwetu ni latin1. Vivinjari vya mtandao, vikiambiwa ISO-8859-1 au latin1, husoma Windows-1252. Programu nyingine hulichukua jina kama lilivyo. Tofauti ya misimbo hii miwili ni ndogo: nafasi 128 hadi 159. Windows-1252 imeweka humo herufi na alama zinazochapika, zikiwemo œ ya Kifaransa na ritifaa iliyopinda (’), ambayo Word huiweka yenyewe unapobonyeza ritifaa ya kawaida. ISO-8859-1 ina misimbo isiyoonekana tu katika nafasi hizo.

Sasa tazama kinachotokea. Ritifaa iliyopinda ni 146 katika Windows-1252. Mtu akibadilisha faili hilo kwa amri ya iconv na kutaja chanzo kuwa ISO-8859-1, 146 inakuwa alama isiyoonekana. Ng’ombe anasomeka ngombe. Ng’oa, yaani kutoa kitu na mizizi yake, inasomeka ngoa, yaani tamaa au wivu. Sœur inakuwa sur ya kudhaniwa. Hakuna onyo lolote, wala herufi za ajabu za kumshtua msomaji. Mtafiti anayehesabu maneno katika mkusanyo wa matini atapata takwimu zisizo sahihi, na hatajua.

Tufanye nini

Matini mpya zihifadhiwe kwa UTF-8, na jina liandikwe hivyo hivyo, kwa herufi kubwa na kistari. Hakuna hata sehemu moja ya ISO-8859 yenye ɛ na ɔ; anayeandika Kilingala kwa herufi hizo hana njia nyingine iliyo rahisi na inayosomeka kila mahali.

Matini za zamani zikipokewa, aulizwe aliyezileta: ziliandikwa katika mfumo gani, kwa programu gani, mwaka gani? Jibu liandikwe kwa jina lililosajiliwa IANA, kama windows-1252, IBM850 au macintosh. Tusiandike ANSI, Unicode wala “kawaida”.

Kabla ya kubadilisha, iwekwe nakala ya faili la asili. Baada ya kubadilisha, yatafutwe maneno machache yanayojulikana kuwamo: ng’ombe, sœur, élève. Kama hayaonekani, jina la chanzo halikuwa sahihi. Irudiwe nakala na kujaribu jina lingine.

La mwisho ndilo kubwa. Faili likifunguka na mbÉ”tÉ›, lifungwe bila kuhifadhi. Maadamu halijahifadhiwa, baiti zake ni zile zile, na jina sahihi litalirudisha neno. Likihifadhiwa hivyo, É na › huandikwa kama herufi halisi, na kazi ya kulirudisha inakuwa ngumu. Likihifadhiwa kwa usimbaji usio na ɛ wala ɔ, programu nyingi huweka alama ya kuuliza mahali pake: mb?t?. Hapo hakuna tena cha kurudisha, kwa sababu alama zote mbili ni namba moja, 63, na namba hiyo haisemi ilikaa mahali pa herufi gani.

Tukikusanya masimulizi, tunaandika lugha, kijiji, tarehe na jina la msimulizi, kwa sababu tunajua matini bila habari hizo hupungua thamani. Jina la usimbaji lipewe mstari wake katika fomu hiyo hiyo. Ni neno moja tu, na bila hilo huenda maneno mengine yote yasisomeke.