Nepi ya Mtoto: Kipande Kimoja Chatosha

Juma hili nimepata barua ya baba kijana ambaye mkewe anatarajia kujifungua mtoto wao wa kwanza. Anasema ameziona bei za pampasi dukani, akapiga hesabu ya mwezi mzima, na kwa kuwa mama mkwe wake ana cherehani, wameamua nepi za mjukuu zishonwe nyumbani. Ananiuliza zishonweje. Amenichorea na mfano: nepi yenye umbo la chupi, safu sita za nguo zilizoshonwa pamoja kama kigodoro, na vifungo ubavuni.

Uamuzi wake naupenda. Mchoro siupendi, na sababu yenyewe inafaa isikiwe na wengi.

Nepi ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, nayo ni kunyonya mkojo. Ya pili husahauliwa, nayo ni kukauka. Kwa kazi ya kwanza safu nyingi zinafaa, lakini kwa kazi ya pili safu nyingi ni balaa. Ifue nepi ya safu sita hapa Dar es Salaam wakati wa masika: juu utaigusa udhani imekauka, kumbe katikati ni mbichi. Ukimvika mtoto unyevu ule pamoja na joto la mwili wake, ngozi ya mapajani inachubuka na fangasi wanapata makao. Kwa hiyo kipande cha mraba cha safu moja, kilichoshonwa pindo tu, kinaishinda nepi ya umbo la chupi. Kikikunjwa kina safu nne au sita; kikianikwa kina safu moja, na jua la saa chache linakimaliza. Mimi nimelea watoto wanne kwa vipande vya namna hiyo.

Sasa kitambaa. Kiwe cha pamba tupu: khanga kuukuu, shuka iliyolainika, flana, au marekani, nguo ambayo jina lake limebaki tangu karne ya 19, ilipokuwa ikiletwa Unguja kwa meli kutoka Marekani. Siku hizi duniani kuna vitenge na khanga nyingi zinazong'aa vizuri lakini si za pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, ikatoa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi. Nyuzi za kiwandani huyeyuka, zikajikunja kuwa kitone kigumu. Nguo ya namna hiyo hainyonyi. Mkojo utateleza juu yake mpaka kwenye shuka la mama.

Hata pamba yenyewe ikiwa mpya haifai kukatwa siku ile ile. Ina wanga wa kiwandani, na bado haijarudi. Ifuliwe kwa maji ya moto mara mbili au tatu, kisha idondoshee tone la maji. Tone likikaa juu kama shanga, fua tena. Likizama mara moja, shika mkasi.

Khanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Inatoa miraba miwili ya sentimita 75 kwa 75, na ubavuni unabaki mkanda wa sentimita 35 hivi. Mkanda huo usiutupe: ukate vipande vitano vya sentimita 30, vipigwe pindo, na kila kimoja kikikunjwa mara tatu kinakuwa pedi ya kuwekwa katikati ya nepi usiku. Kwa hesabu hiyo doti sita zinatoa nepi 24. Mtoto mchanga anaweza kubadilishwa mara 10 au 12 kwa siku, hivyo 24 zinatosha nyumba inayofua kila siku. Masika ongezeni dazani moja.

Cherehani haina kazi kubwa hapo. Pindo liwe jembamba, lishonwe kwa uzi wa pamba, na pembe zisirundikane. Asiye na cherehani atashona kwa mkono jioni mbili tatu. Kukunja ndiko kwenye ufundi: pembe tatu, ncha moja ipite kati ya miguu, zote tatu zikutane tumboni kwa pini moja, na kidole chako kiwe chini ya nguo wakati pini inapita. Mtoto wa kiume unene uwe mbele, wa kike uwe katikati na nyuma. Kitovu kikiwa bado hakijadondoka, nepi ikunjwe chini yake kipate hewa.

Ama pindo jembamba nililolisema, lina sababu nyingine. Yuko nzi mmoja, wa rangi ya kahawia iliyofifia, ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini, kwenye nyasi au chini. Mayai yakianguliwa, funza wadogo huingia kwenye ngozi inayogusana na nguo, na mama ataona vijipu vyenye tundu makalioni mwa mwanawe. Kwa hiyo nepi zianikwe kwenye kamba juani, zianuliwe kabla jua halijazama, kisha zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, na kwenye pindo pasi itulie kidogo. Watu hudhani pasi ya nepi ni urembo. Sivyo, ndiyo inayoua mayai.

La mwisho ni la hatari zaidi, na linatendwa kwa nia njema. Mama akimaliza kushona, nguo za mtoto hupangwa sandukuni na kutiwa vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo. Vingi ni naftalini. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama zetu. Mtoto wa namna hiyo akivuta mvuke wa naftalini au akivikwa nguo iliyolala nayo, chembe zake nyekundu za damu hupasuka, macho na ngozi hugeuka manjano, na manjano ikizidi huharibu ubongo. Kwa macho humjui mtoto mwenye upungufu huo. Basi nepi ziwekwe kwenye sanduku ambalo halijapata kutiwa vidonge hivyo, na mtoto akionekana wa manjano apelekwe hospitali siku ile ile.