Udongo mweusi unakwenda na mto

Mvua kubwa ikinyesha tunaona maji ya mto inageuka nyekundu. Wengi wanasema ni kawaida ya mvua. Lakini kijito chenye kutoka mu pori hakigeuke vile. Tofauti inatoka wapi?

Rangi nyeusi ya udongo muzuri inatoka kwa majani, mizizi na vidudu vilivyooza. Karibu nusu ya hivyo vitu ni kaboni. Ndivyo vinashika maji na mboleo, ili mahindi na maharagi vipate chakula.

Pori nayo inatuma kaboni mu mto, lakini ni ya majani yaliyoanguka juzi tu. Kwa hiyo kijito cha pori kinaweza kuwa na rangi ya chai, na bado unaona mawe ya chini. Miti ikikatwa na mulima ukilimwa mpaka ku maji, hakuna kitu cha kupunguza nguvu ya mvua. Udongo wa juu unaondoka, ule wa chini unabaki wazi, nao maji inaanza kuuosha.

Mu mwaka 2019, watafiti waliopima vijito vya mashariki ya Kongo walitangaza matokeo yao. Pale pori ilikatwa, kaboni iliyoyeyuka mu maji ilikuwa na zaidi ya myaka elfu moja. Ile ya vijito vya pori ilikuwa mpya.

Hiyo kaboni ya zamani ilikuwa imelala salama. Ikifika mu mto, vidudu vidogo sana vinaikula, inageuka gazi na kupanda hewani, na ile gazi inaongeza joto la dunia. Ingine inashuka na maji: kutoka Mwenga inafuata Ulindi, inaingia Lualaba, inaenda mbali. Hairudi mu shamba. Mboleo ya mufuko unaweza kuinunua. Kaboni ya myaka elfu hainunuliwi.

Tufanye nini?

1. Tuache hatua kumi pembeni ya mto bila kulima. Tunajua ni udongo wa maana wakati wa kiangazi, na wengi hawana shamba ingine. Basi tupande pale tripsacum ao setaria: zinashika udongo, na mbuzi na ngombe wanakula.

2. Ku mulima, tuchimbe mifereji yenye kukata muteremko, na tupande calliandra juu yake.

3. Tusichome mabaki ya mavuno. Tuyatandaze juu ya udongo.

Kwa kujionea: kisha mvua, chota maji mu chupa mbili, moja juu ya mashamba, ingine chini yao. Ziache zilale usiku. Asubuhi angalia chini ya kila chupa. Kile unaona ni shamba lenu, na kuko kingine kiliyeyuka, hakionekane.

Mutu mumoja akiacha hatua kumi na jirani analima mpaka ku maji, faida ni kidogo. Muzungumuze hiyo mu mukutano wa kooperative, wenye mashamba ya mulima mumoja pamoja, mbele ya mvua ya kwanza.