Kompyuta Haizimiki? Usikimbilie Kile Kitufe

Mwezi uliopita alinijia dukani mama mmoja wa mtaani kwetu, mweka hazina wa chama cha kina mama, laptopu ameifunga ndani ya leso kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Tulipomaliza salamu akaniambia, "Mwanangu, hii kitu ina jini. Naizima haizimiki. Kioo chafanya kiza lakini ndani kwalia."

Nikaifungua ile leso na kuweka mkono chini ya mashine. Ilikuwa moto, na feni yake inavuma. Ametoka nayo nyumbani, akapanda nayo matatu, akaketi nayo mapajani, na muda wote huo ilikuwa imewaka.

Lakini si joto lililomleta. Alikuwa ameizoea hali hiyo kwa miezi. Kila usiku alibofya pale pa kuzimia, kioo kikaingia kiza, taa ndogo ya pembeni ikakataa kuzimika, naye akabana kile kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikanyamaza. Mazoea yana taabu. Ikafika siku akaona, kwani nisumbuke na njia ndefu na mwisho ni kukibana? Akakibana huku kitabu cha hesabu za chama kiko wazi na ndiyo kwanza kinahifadhiwa. Asubuhi yake faili likakataa kufunguka. Kina mama ishirini na wanne, kila mmoja shilingi 500 kwa wiki, na mkutano ni Jumapili. Wewe msomaji wajua pesa za watu zilivyo. Nani atamwelewa mweka hazina anayesema kompyuta imekula hesabu?

Nimeona niyaandike haya kwa sababu tatizo hili huletwa kwangu kila mara, na wengi huletwa nalo wakiwa wamechelewa.

Kwanza tufahamu kuzima ni nini. Zamani, katika siku za Windows 95, kompyuta nyingi zilimaliza kazi zake kisha zikaandika kwenye kioo kwamba sasa ni salama kuzima, nawe ukaenda ukabonyeza swichi kwa mkono wako, kwa kuwa mashine haikuweza kujikatia umeme. Siku hizi hujikatia yenyewe. Ukibofya kuzima, Windows huziambia programu zote zifunge, husubiri zijibu, huandika kwenye diski yale yaliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, huviaga vifaa kimoja kimoja, na mwisho kabisa huiamuru bodi ikate umeme. Pakikwama popote katika safari hiyo, ndipo unapoona kile kiduara kinazunguka usiku kucha, au kioo cheusi na feni inayolia. Kubana kitufe kwa sekunde nne au zaidi ni kuikata safari nzima kwa panga. Diski ikiwa katikati ya kuandika, huachwa na nusu ya neno.

Ya pili wengi hawaijui, nayo ndiyo iliyomsumbua mama yetu. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kuzima si kuzima kamili. Kuna mpango wa kuwasha kwa haraka ambao huja ukiwa tayari umewekwa kwenye kompyuta nyingi. Ukizima, programu zako hufungwa kweli, lakini moyo wenyewe wa Windows haufungwi. Hunakiliwa kwenye diski vile vile ulivyo, na kesho yake hurudishwa kutoka hapo. Ndiyo maana kompyuta huwaka upesi. Na ndiyo maana kosa la jana nalo huamka pamoja nawe asubuhi. Ukichagua kuwasha upya, yaani Restart, hapo Windows hufunga kila kitu na kuanza upya kabisa. Watu hushangaa kusikia hivyo, kwamba kuwasha upya kunasafisha kuliko kuzima, lakini ndivyo.

Mimi mwenyewe sikuamini mpaka nilipotazama kompyuta ya dukani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Task Manager, uende sehemu ya Performance, kisha CPU. Chini utaona Up time, yaani muda tangu mashine ianze upya kabisa, siku zikiwa mwanzo. Yangu ilionyesha siku 41, nami nilikuwa naizima kila baada ya isha.

Mpango huu ukikutana na draiva mbovu, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuzungumza na vifaa, hapo ndipo kioo huingia kiza na mashine isikate umeme. Kuna njia rahisi ya kupima. Shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi, usikiachilie, kisha bofya Shut down. Ukifanya hivyo Windows huzima kikamilifu, bila kunakili chochote. Mashine ikizimika vizuri kwa njia hii, na ikakwama kwa njia ya kawaida, basi mchawi umempata. Ya mama ilizimika ndani ya sekunde chache, akanitazama kana kwamba nimeisomea.

Kuuondoa mpango huo hakuhitaji fundi. Andika Control Panel kwenye kisanduku cha kutafutia, ingia Power Options, halafu upande wa kushoto bofya Choose what the power buttons do. Utakuta chaguo za chini zimefifia hazishikiki. Bofya mstari wa juu wenye alama ya ngao, Change settings that are currently unavailable, nazo zitashikika. Ondoa tiki kwenye Turn on fast startup, kisha Save changes. Kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka itachelewa kidogo kuwaka. Yenye SSD huenda usitambue tofauti. Baada ya sasisho kubwa la Windows pita tena uangalie, isije tiki ikawa imerudi.

Ikiwa Shift haikusaidia, tazama mashine imekwama wapi. Mara nyingine Windows yenyewe hukutajia programu inayozuia. Hapo watu hukimbilia Shut down anyway kwa haraka ya kwenda zao. Bofya Cancel, rudi, uone kama kuna kazi hujaihifadhi. Ikiwa kiduara kinazunguka tu bila kutaja jina, chomoa vyote vilivyochomekwa, flashi, modemu, printa, ujaribu tena. Printa ni mkorofi kuliko anavyodhaniwa. Kazi ya kuchapisha iliyokwama kwenye foleni, ya printa ambayo labda ulishaiuza, inaweza kuikalisha mashine ikisubiri jibu lisilokuja. Futa foleni hiyo. Baadaye ndipo uende kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, utafute draiva za modeli yako hasa, ukianza na za bodi, na kama prosesa ni ya Intel, usiache ile ya Management Engine, kwa maana ina mkono katika kuzima na kulala kwa mashine. Msikubali zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nimezifuta nyingi dukani kwangu, na zilizoziingiza matatizo mapya ni hizo hizo. Na BIOS, ukiamua kuisasisha, betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Stima ikipotea katikati ya kazi hiyo huenda ukabaki na sinia.

Ziko na zile kompyuta ambazo ukizizima hujiwasha zenyewe. Mara nyingi hapo mashine imeanguka katika dakika ya mwisho ya kuzima, na Windows imepangiwa kujiwasha kila inapoanguka, kwa hivyo hupati hata nafasi ya kuliona kosa. Tafuta View advanced system settings, uingie Startup and Recovery, uondoe tiki ya Automatically restart. Ikianguka tena utakiona kioo chenye jina la kosa, ukipige picha kwa simu. Fundi yeyote atafurahi ukimletea picha hiyo kuliko ukimwambia "inafanya vitu vyake".

Na kufunga kifuniko si kuzima, jamani. Kompyuta nyingi huwa imelala tu, na iliyolala yaweza kuamka ndani ya mkoba ikapata joto bila pa kupumulia, na betri haipendi joto. Kabla ya kuitia mkobani angalia taa na usikilize feni.

Sasa kile kitufe. Sisemi kisibanwe milele. Ikiwa kioo kinasema masasisho yanaendelea, usikiguse, hata ikiwa saa nzima na mashine ni kuukuu. Nenda kalale. Nyingine tazama taa ya diski kama ipo. Ikiwa inapepesa, bado kuna kazi. Ikiwa imetulia robo saa nzima na hakuna kinachosogea, bana, huna njia nyingine. Lakini ukijikuta wabana mara ya pili katika wiki moja, hilo ni jambo la kutafutiwa sababu. Wale mliobaki na Windows 10 msingoje sasisho lije kuwaponya. Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Tuje kwenye kitabu cha chama. Faili lile sikuliweza. Nilijaribu njia ya Excel ya kufungua na kurekebisha, nikatafuta nakala za muda, nikakuta maganda matupu. Kilichotuokoa ni nakala ya zamani ya miezi mitatu aliyomtumia katibu kwa WhatsApp. Kutoka hapo tulijenga upya, mimi nikichapa naye akinisomea jumbe za M-Pesa moja baada ya nyingine, siku tatu kila baada ya alasiri, chai na mahamri vikiletwa na binti yake. Waliotuma kwa simu wote walipatikana hadi shilingi ya mwisho. Waliompa mkononi ndio waliotutoa jasho. Wengi walikumbuka wenyewe, ila wiki tatu za mama mmoja hazikuwa na shahidi. Yeye asema alitoa, mweka hazina hana la kukubali wala la kukana.

Jumapili usiku alinipigia. Mkutano ulikwisha salama. Zile 1,500 alizitoa mfukoni mwake kabla hazijageuka maneno. Nikamuuliza kompyuta inaendeleaje.

"Yazima sawasawa, Mungu akuweke. Lakini hesabu nishazirudisha kwa kaunta buku, hiyo kompyuta nakili tu."