Kijana wa Soweto ameshalipa ushuru, sasa anauliza

Soko la Soweto jijini Mbeya huamka na giza. Viazi vya Umalila na ndizi za Rungwe hushushwa kabla jua halijachomoza. Wanaobeba ni vijana, wenye maguta ni vijana, na wanaopanga mafungu chini nao ni vijana. Ushuru nao haukawii kupita. Mjadala wa uraia mwema katika mitaa hii unaanzia hapo, mkononi mwa mtu anayetoa fedha yake na kutaka kujua inakwenda wapi.

Watu wazima wengi wamekwisha kukihukumu kizazi hiki kwamba hakina uzalendo. Sikubaliani nao. Mwenzao akifiwa, vijana wa kijiwe cha bodaboda hufungua daftari la michango siku hiyohiyo. Anayekwepa hujulikana kwa jina, na mweka hazina akitafuna fedha za wenzake hapewi tena daftari. Kila mtu anatoa, kila mtu anaona kilichotolewa, na aliyekabidhiwa anaulizwa. Sijui somo la uraia lililo zuri kuliko hilo. Wanachotaka vijana ni kuona utaratibu huohuo ukifuatwa katika ofisi ya mtaa na ya jiji.

Tena Mbeya ina kumbukumbu zake. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006. Soko la Sido likaungua 2011, na tena 2017. Kila moto uliondoka na mitaji ya watu ambao hawakuwa na akiba nyingine. Novemba 2011, miezi miwili tu baada ya moto wa Sido, wamachinga waliokuwa wakiondolewa kandokando ya barabara pale Mwanjelwa walipambana na polisi, mabomu ya machozi yakarindima na barabara kuu ya kwenda Zambia ikafungwa. Aliyeitwa kuwatuliza alikuwa mbunge wao, Joseph Mbilinyi, Sugu wa bongofleva. Kurusha mawe si uraia mwema, na msafiri aliyekwama barabarani siku ile hakuwa amemkosea mtu. Lakini vijana wale walikuwa na kiongozi waliyemchagua wenyewe mwaka uliotangulia, wakamsikiliza.

Halafu, Desemba 2018, vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya Rais Magufuli, kwa shilingi 20,000. Kwa mmachinga, kile kilikuwa zaidi ya kadi. Alijiona ameandikiana na serikali: nimelipa, nitambuliwe, nisibughudhiwe. Operesheni ya kuwapanga upya wamachinga ilipopita katika miji mikubwa mwishoni mwa 2021, wengi walihisi upande mmoja umesahau makubaliano. Miji lazima ipangwe, hilo halina ubishi. Ila kijana aliyehamishwa bila kushirikishwa hajifunzi kuiheshimu sheria. Anajifunza kuikimbia.

Shuleni nako kulikuwa na pengo ambalo halisemwi vya kutosha. Kijana wa miaka 25 leo alisoma Uraia sekondari kwa Kiingereza. Alikariri haki, wajibu na mihimili ya dola ili avuke mtihani wa kidato cha nne, kisha akarudi mtaani ambako mkutano, risiti na ugomvi wa eneo vyote vinazungumzwa kwa Kiswahili. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, mradi maadili hayo yasiishie kwenye utii. Katiba ya 1977, ibara ya 26, inamtaka kila mtu kutii sheria, na papo hapo inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi. Utii na ulinzi viko katika ibara moja.

Matukio ya 2024 na 2025 yamelifanya jambo hili kuwa zito. Agosti 2024, vijana wa Chadema walipopanga kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani hapa Mbeya, polisi walipiga marufuku mkusanyiko huo na kukamata mamia ya watu, wakiwamo viongozi wa kitaifa. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 ukafuatiwa na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti nchi nzima, na mwezi uliofuata Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Baada ya hayo, kumwambia kijana kwamba uraia mwema ni kukaa kimya ni kumvunjia heshima.

Vijana nao nina neno nao. Wapo wanaojua kila kinachosemwa bungeni kupitia simu zao, lakini hawajawahi kukaa katika mkutano mkuu wa mtaa wanaoishi. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Pale ndipo mapato na matumizi yanapopaswa kusomwa, na mwenyekiti huulizwa maswali ana kwa ana. Ukumbi ukijaa wazee watupu, vipaumbele vitakuwa vya wazee.

Wanaotaka pa kuanzia wasitafute mbali. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuibua mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Ushuru wa Soweto ni sehemu ya mapato hayo. Kwa hiyo muuza viazi ana haki ya kuomba orodha ya vikundi vilivyokopeshwa katika kata yake, kiasi kilichotolewa na kilichorejeshwa, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji ambako kila apitaye ataisoma. Na kikundi chake kikikopa, jina lake nalo liwe hapo.